Dada Alimchoma Mbwa Bila Kutazama Skrini, Lawama Akanitupia Mimi

Shangazi mpendwa, nakuomba unisikilize hadi mwisho, maana nakuandikia nimejifungia chumba cha kufulia hapa kliniki kwa hasira. Mimi ni daktari wa wanyama, kliniki ni ya dada yangu, naye ni daktari vilevile, ndiye aliyenilea mama alipofariki, kwa hiyo kumjibu nimeanza kujifunza ukubwani.

Nilipotoka kusomea kupiga ganzi kwa ultrasaundi nilirudi na furaha, Shangazi, kwa sababu mbwa wa kupasuliwa goti tulikuwa tunamlaza kwa nusu kaputi nzito, halafu akizinduka analia mpaka majirani wanafunga madirisha, lakini ukiweka kichwa cha mashine kwenye kinena chake unauona kwenye skrini mshipa wa fahamu, uko ubavuni kabisa mwa mshipa mkubwa wa damu, unaifuata ncha ya sindano kwa macho, unamwaga dawa kidogo kidogo kuuzunguka ule wa fahamu, mguu unakufa ganzi, nusu kaputi inapungua, na mbwa anaamka anatafuta bakuli lake.

Basi akaletwa Meneja apasuliwe goti, mbwa mkubwa wa mwalimu mstaafu anayeishi peke yake, aliitwa hivyo kwa sababu kila asubuhi lazima akague ua mzima ndipo akubali kula. Tumeshamlaza, nimeshamnyoa kinena, mara akaletwa paka anayehema kwa shida, nikamwambia dada, "Nisubiri, naja." Akasema, "Nipe hiyo sindano. Nilianza kuchoma mbwa wewe ukiwa kwenye nepi." Niliporudi skrini imegeukia ukutani, bomba tupu, amesukuma dawa yote kwa mkupuo bila hata kuvuta nyuma kuona kama kuna damu, na Meneja anarusharusha miguu, dawa imeingia kwenye damu, moyo ukasimama, tukakandamiza kifua, tukampa kila dawa ya dharura tuliyokuwa nayo, hakurudi.

Na kama hayo hayatoshi, dada akatoka akamwambia mzee wa watu, "Pole sana mwalimu, moyo wake ulikuwa umechoka. Aliyempiga ganzi ni mdogo wangu, lakini usimlaumu, bado anajifunza." Nimesimama palepale! Nikageuka nikarudi ndani kumfunika Meneja shuka.

Sasa mashine ameifungia stoo, anasema ndiyo iliyoua, mbwa wameanza tena kulia, na jana mwalimu katuletea chakula cha Meneja kilichobaki tuwape wengine, akanishika mkono, "Usikate tamaa mwanangu, utajua tu." Nilipomwambia dada twende tukaseme ukweli akanijibu, "Ukinivua nguo mbele za watu, usiniite dada tena." Nifanye nini?

Daktari Mdogo

*

Daktari Mdogo, pole. Sasa futa machozi, maana na mimi nimekasirika, na nusu ya hasira hiyo ni yako.

Dada yako ana makosa mawili, usiyachanganye. Kuchoma bila kutazama ni kiburi, na kiburi hicho kimeua. Kumsingizia mtoto aliyemlea mwenyewe, mbele ya mzee aliyetoka kupoteza mwenzake wa nyumbani, hilo sina hata jina lake. Alikulea, ndiyo, mshukuru maisha yako yote. Hakukulea ili umbebee uongo.

Nawe je? Siku ile ulipigwa na butwaa, nakuelewa. Lakini jana? Mzee anakufariji kwa kosa lisilo lako, nawe ukapokea chakula cha mbwa wake kimya? Huoni haya? Unalia kwamba umesingiziwa, na aliyedanganywa kuliko nyote ni yeye.

Mwambie dada leo, mkiwa wawili tu: "Kesho naenda kwa mwalimu. Twende pamoja." Usimwombe ruhusa. Akigoma, nenda peke yako, ueleze kama ulivyonieleza mimi, bila kumtukana. Kisha ripoti kwenye baraza la madaktari wa wanyama, maana aliyefanya hivyo na kusingizia mashine atafanya tena. Mashine itoke stoo, na asiyefundishwa asiiguse hata kama kliniki ni yake. Hilo nalo akilikataa, fungasha virago. Kuna kliniki zitakazokupokea kwa mikono miwili. Atanuna. Anune. Wewe endelea kumwita dada, aitike asiitike.

Na ukifika kwa mwalimu, usimbane akusamehe hapohapo ili wewe upate usingizi. Akikufokea, nyamaza. Akikufukuza, toka. Mbwa wake ameuawa na akaambiwa amekufa tu. Mwache mzee akasirike.