Zawadi za Maskati

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Mei, 2024.

Mpendwa Kaka Abdulhamid,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Hamjambo wewe, wifi na watoto? Goti je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku wazima, alhamdulillah. Masika yametutesa; Jangwani pamejaa maji mara mbili na Kariakoo ni tope tupu.

Shamsa ametoka, wiki ya tatu sasa. Amekonda. Kila alfajiri huamka, akatandika, akasimama kando ya kitanda kama anasubiri kuhesabiwa. Nikimwona hivyo naenda kulia uani.

Kaka, nimekukosea, na nataka ulisikie kwangu kabla ya watu. Wewe ulijua kuwa mpwa wako Shamsa alifungwa miezi kumi na minne kwa zile simu alizoiba dukani alikokuwa akiuza wakati wa likizo. Majirani sikuwaambia. Niliwaambia yuko kwako Maskati, umemtia chuo. Nilijificha nyuma ya jina lako bila hata kukuuliza.

Aliporudi wakaanza kudai zawadi. Si unawajua watu wetu, mtu akitoka Arabuni lazima agawe. Basi nikaenda sokoni, nikanunua udi, manukato na mitandio, nikabandua karatasi za bei, nikawaita kwa dua ya kumpokea msafiri.

Siku hizohizo nilikuwa namkwepa Benedikta, afisa ustawi wa jamii anayemfuatilia Shamsa. Alimtafutia nafasi kwenye madarasa ya jioni arudie kidato cha tatu. Sharti lilikuwa moja: mzazi aende kujaza fomu kabla ya Ijumaa. Kituo cha masomo hayo kiko mtaa wa pili tu, na mwandikishaji ni Fatuma, jirani yetu. Niliona bora nafasi ipotee kuliko Fatuma ajue. Naona haya kuandika, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Kwenye dua nilimwamuru Shamsa agawe zawadi mwenyewe. Alipomfikia Fatuma na mtandio, Fatuma akamuuliza Maskati kukoje. Mwanangu akasema, wote tukasikia:

"Huko sikujui. Nilikuwa jela. Niliiba. Na huo mtandio mama yangu kaununua hapo Mtaa wa Kongo."

Nilitamani ardhi inimeze. Wengine waliaga hata chai hawakunywa. Fatuma alibaki akiosha vyombo. Walipoondoka wote nilimfokea Shamsa, nikamwambia ameniumbua. Hakunipandishia sauti.

"Mama, kifungo changu nimemaliza. Nataka kusoma."

Nikamwambia tutakwenda kujaza ile fomu, kaka.

Alhamisi tulikwenda kituoni. Kwenye fomu kuna mahali pa mzazi kueleza kwa nini mtoto aliacha shule. Fatuma alinipa kalamu, akageuka akajifanya anapanga mafaili. Niliandika: alifungwa. Nikatia saini. Ameanza masomo jana.

Msalimie sana wifi Zena na watoto wote. Mrisho, mdogo wake Shamsa, anakuamkia. Mola akupe afya na riziki ya halali, na akurudishe kwetu salama.

Nisamehe kwa kulitumia jina lako. Na mtu wa huku akikupigia kuuliza habari za Shamsa alipokuwa kwako, usinisitiri. Mwambie hakuwahi kufika.

Dada yako akupendaye,
Anifa