Kijaluba cha Mama Yako Hakikuwa Kitupu

Rafiki yangu Salimu,

Kijaluba cha fedha cha marehemu mama yako, kile kisanduku kidogo, hakikuwa kitupu siku ile nilipokichukua sebuleni kwako. Ndani mlikuwa na popoo moja ya kutafuna, kavu, nyeusi kama jicho la mbuzi. Niliitoa mimi. Wewe ulikuwa umetoka kutawadha, mkeo Bi Zuhura yuko jikoni. Nikaitia mfukoni, nikakifunga kijaluba na kukirudisha mahali pake. Uliporudi nilikifungua mbele yako nikasema, "Salimu, hiki hakina kitu."

Jambo hili nimelificha hadi umetangulia, na sasa naona nami sichelewi. Daktari anasema moyo umechoka. Mwende, binti yangu, akipita hapa na kuniona na kalamu anadhani naandika wosia, basi anatembea kwa vidole asinisumbue. Mwache adhani hivyo.

Nikuambie kwanza ya huku. Mwanao Feisal amelipaka duka lako rangi ya kijani. Viungo ameacha, anauza simu na vifuniko vyake, lakini mizani yako ameitundika ukutani na hataki iguswe. Hapa Nuu mvua ya vuli ilitupenda, ndengu zimekubali. Mbegu nimezitia katika ule mkebe wa majani ya chai tulioupata Matiliku, wenye picha ya bibi anayejipepea. Rangi ya uso wake imebanduka, lakini wadudu hawajapata njia.

Na katika masanduku yote ya kale tuliyoyasaka pamoja, lile kasha la Mtito Andei bado ninalo. Unamkumbuka yule mama wa hoteli aliyekuwa analitumia kuwekea makaa? Misumari ya shaba imejaa masizi, na wewe ukaipangusa kwa kanzu yako nyeupe! Alikataa katakata kutuuzia. "Mkilichukua makaa yangu nitayaweka wapi, kwenye kofia ya huyu mzee?" Mwisho tulimletea ndoo mbili za plastiki zenye vifuniko, akatuona wajinga wawili, akatuongezea chapati. Ulirudi umekalia kasha nyuma ya pikapu, unawapungia mkono madereva wa malori kama mtu aliyechaguliwa kuwa gavana. Siku hizi linatunza mablanketi. Harufu ya makaa haijaisha.

Ile sheria yetu ya masanduku ilitoka kwa mke wangu Kalondu, Mungu amrehemu. Alitazama masanduku yaliyojaa kila pembe, akatuambia, "Nyinyi mnaleta masanduku, na sukari yangu inalala kwenye karatasi." Tuliona haya. Tukakubaliana tangu siku hiyo kwamba hakuna sanduku la pambo tu. Kila moja lifanye kazi ya nyumba. Wewe ukija kwangu Krismasi, au mimi nikija kwako Idi, mgeni ana ruhusa kufungua lolote, na akilikuta tupu ni lake, mwenyeji asinung'unike. Ndiyo maana vifungo vya Kalondu vilihamia kwenye sanduku la msandali, na wewe ukaanza kuweka miswaki kwenye lile la nakshi za maua. Ulinishinda mara nyingi. Mimi nilikuwa mwalimu, nazunguka na chaki, nasahau kujaza.

Lakini kijaluba kile sikukipata kwa sheria. Nilikiiba kwa kutumia sheria.

Hukubisha hata kidogo. Ulikitazama, ukaita, "Zuhura! Umefagia nini humu?" Akajibu kutoka jikoni, "Kwani mimi nafagia ndani ya vijaluba?" Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Kisha ukanikabidhi kwa mikono miwili, ukasema, "Sheria ni sheria, Mwalimu. Lakini nikisikia umetia ugoro humu nitakuja na askari."

Popoo niliitupa nje ya dirisha la gari, njiani kurudi Nuu.

Baadaye ndipo uliponieleza ilikuwa nini. Mama yako alikuwa mtu wa tambuu, na hiyo ndiyo popoo aliyoiacha bila kuikata siku alipolazwa. Ulisema umeinua mikeka yote na kusogeza makochi. Ulisema Zuhura ni mkaidi, hataki kukiri kwamba aliifagia. Nami nilikuwepo, Salimu, nikiikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka kitambo.

Wiki iliyopita nilimwomba Mwende tupitie Mwingi mjini tukitoka kliniki. Bi Zuhura amepungua mwili, lakini sauti ni ileile. Nilikiweka kijaluba mezani nikamweleza yote, kwa Kiswahili changu cha darasani, kana kwamba nasoma taarifa.

"Shemeji," akasema, "marehemu alinilaumu kwa popoo ile mpaka anaingia kaburini. Na wewe ulikuwa unakuja hapa, unakunywa chai yangu, unasema Bi Zuhura ongeza iliki."

"Ndiyo, shemeji."

"Na iliki nilikuwa naongeza."

"Uliongeza."

Akakifungua. Mle ndani nilikuwa nimeweka vidonge vyangu vya presha, maana hata kitu cha wizi nilikitumikisha. Alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akavimwaga vidonge vyote humo. Akakifuta kijaluba kwa ncha ya leso yake, ndani na nje, akakitia kifuani. Mwende alinitafutia karatasi ya kufungia dawa, akitazama chini. Sikusamehewa siku hiyo, wala sikuomba haraka. Ila tulipoaga, Bi Zuhura alimwambia Mwende aniletee koti, upepo umeanza.

Ninakuahidi jambo moja. Ijumaa hii, nikiamka na nguvu au nikibebwa, nitarudi hapo, nimwambie Feisal mbele ya wanawe kwamba bibi yao hakufagia kitu. Walikua wakisikia utani huo, wakaurithi. Nitauzima mimi mwenyewe. Kwaheri, ndugu yangu. Mungu akulaze pema, na kama huko kuna kutembeleana, usinifungulie mlango mpaka Bi Zuhura akuambie ufungue.

Ila siku ile mlangoni Bi Zuhura aliniuliza, "Kwa nini, Mwalimu? Masanduku ulikuwa nayo." Nikamjibu, "Tamaa." Nalo si kweli. Wewe ukishika kijaluba kile ulikuwa unakinusa kidogo kabla ya kukirudisha. Hukujua kwamba unafanya hivyo. Nilitaka kitu cha mama, hata kama ni cha mama wa mtu.

Uliwahi kuniuliza mbona katika masanduku yangu yote hakuna hata moja la kwetu. Nilikuambia vitu vya mama yangu viliisha kwa mchwa. Ukaamini, kwa sababu mchwa wa Nuu wanakula hata fremu za milango.

Mama yangu alikuwa na kithembe, gogo lililochimbwa ndani na kufunikwa ngozi, cha kuwekea asali. Alichongewa na baba yake. Asali ilipoisha alitunza humo shanga za mama yake na kitovu changu kilichokauka. Mwaka niliotoka chuo cha ualimu niliokoka, na mhubiri mmoja akatuambia vitu vya wazee vinafunga baraka za nyumba. Mchwa hawakukigusa, Salimu. Nilikitoa mwenyewe chumbani kwake, nikakichoma uani na vijana wenzangu wa kanisa, tukiimba, shanga zikipasuka mle motoni. Mama alisimama mlangoni mpaka tukamaliza wimbo. Kisha akaja na kigae, akachota makaa, akaenda kutupikia chai.

Nami niliinywa.