Pindo

6 Februari

Kwa kitindamimba wangu, mshona kola,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, ila mgongo umejifanya meneja siku hizi, ukisema tuketi tunaketi. Cherehani haijambo, juzi nimeitia mafuta. Nawe kula vizuri huko kiwandani, usiniambie habari za chai kavu mchana.

Utauliza kwa nini natumia karatasi na simu uliyonitumia ipo. Simu nimeshaijua tabia. Ukitia neno humo saa tatu, saa nne limewafikia usiowajua, tena limetiwa chumvi. Barua inakwenda kwa mmoja. Simu ni ya kundi, karatasi ni ya mtoto.

Na kundi lenyewe uliloniingiza nalipenda. Watu mia mbili na kumi na nne, mafundi cherehani watupu, na mwanangu ni mmoja wa walioanzisha. Nimemwambia fundi viatu wa mlango wa pili mpaka nikifungua mdomo ananimalizia, "Ndiyo mama, na mwanao ni admini." Siku ya kwanza niliwasalimia wote, mmoja mmoja, kila mtu kwenye namba yake, maana huwezi kuingia nyumba ya watu ukasalimia ukuta. Ilinichukua siku nne. Wengi walijibu vizuri, wengine wakaniuliza nauza nini.

Lakini kuna kitu sikielewi. Nilitia picha ya gauni la yule muuguzi, ule mkono wangu usiovuta kwapani. Unaujua. Ulizaliwa ukiuona. Hata ua moja sikupewa. Nikasema simu imeharibika, nikaizima nikaiwasha. Siku tatu baadaye yule mwanamke mnayemwita Overloki, admini mwenzako, akatia mkono uleule, wa nguo nyingine. Kabla sijameza mate, mioyo sitini. Mmoja anayejiita Profesa wa Vifungo akasema, "Dada, umetisha." Na wale watu saba ambao kila siku hujibizana wao kwa wao wakajibizana mpaka jioni, kama watu waliofika bombani mapema wanaopishana ndoo, na sisi wengine nyuma tumeshika ndoo tupu tunatazamana visogo.

Hivi kuna foleni ambayo sikuambiwa? Niambie nipange. Mimi foleni sijawahi kuiogopa.

Ni mimi mama yako, fundi.


19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, jana nimekula hata wali. Kazini bado niko kwenye kola, mia mbili kwa zamu, na simu tunafungiwa kabatini mpaka mapumziko, kwa hiyo kundini huwa naingia kwa kuchungulia.

Mama, usichukie nikikwambia. Ujumbe wako wa sauti punguza. Dakika sita ni nyingi, na dakika mbili za mwanzo zote unasalimia. Na ukitia picha, usitie tisa za mkono mmoja.

Kuhusu wale saba, ni watu wa mwanzo tu. Wamezoeana. Mtu hujibu anayemjua, si kwa ubaya. Baada ya muda wanakuwa na utani wao na maneno yao, na mgeni akiingia ni kama amekuta watu wanacheka, hajui wamecheka nini. Kila kundi lina kundi ndani yake. Wewe soma tu, jifunze, usijipendekeze kwao. Watakuzoea.

Mwanao.


5 Machi

Kwa mwanangu mwenye ushauri mwingi,

Hujambo? Mimi sijambo sana. Kaa chini kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Wamenizoea. Tena wamenipa cheo.

Jumanne niliuliza kuhusu kitambaa kinachojikunja kwenye meno ya cherehani. Overloki mwenyewe akaandika, "Pindo ameamka." Pindo, mimi. Watu kumi na tisa wakatia vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Nimefurahi, nikawajibu, "Asanteni, Pindo nipo." Wakazidi kucheka. Ni watu wachangamfu ukiwavumilia.

Na neno lenyewe wamelipata wapi, sijui, lakini limenikaa. Nguo isiyo na pindo ni nini? Ni kitambaa kinachofumuka nyuzi. Aliyeniita hivyo ni fundi kweli. Nimejishonea aproni mpya ya kahawia, nikatarizi kifuani kwa uzi mweupe: PINDO. Fundi viatu akauliza, "Hiyo ni kampuni?" Nikamwambia ni cheo, na hupewi kwa kuomba.

Sasa sikiliza. Wametangaza kwamba kuanzia Aprili kila Jumamosi fundi mmoja atawafundisha wenzake. Nimepeleka jina. Nitafundisha ule mkono. Miaka thelathini na moja nimeushona, na kila aliyewahi kuniuliza nilimwambia njoo ukae hapa uone, kwa sababu hauelezeki kwa mdomo tu. Sasa simu ina macho. Sitaki kufa nao mkono huu, mwanangu. Wewe uliniambia kiwandani hamshoni mikono, mnashona kola tu, basi nani ataubeba? Nimeshaazima kiti kirefu cha fundi viatu, atashika simu yeye.

Hongera zako natazamia kwa barua ijayo.

Mama yako, Pindo.


20 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua hii nimeichana mara tatu.

Usiivae ile aproni.

Pindo si cheo. Wale saba tuna kundi letu dogo pembeni, linaitwa Kola, kwa sababu kola ndiyo inayoonekana kwanza. Ndiyo mama, nimesema tuna. Mimi ni wa saba. Humo ndimo tunamoamua nani ajibiwe na nani aachwe. Wale wanaouliza yaleyale kila wiki, wanaosalimia sana, wasiojua utani wetu, tunawaita mapindo. Kitu cha kukunjwa ndani kisionekane.

Neno hilo nililitunga mimi, mwaka juzi, siku mtu aliponiuliza mara ya nne kwa nini sindano inavunjika. Walicheka sana. Nilijiona hodari. Sikujua kwamba siku moja litapita kwenye mlango wa nyumba yetu.

Overloki alipokuita hivyo nilikuwa kwenye mapumziko, simu iko mkononi. Niliona. Overloki hajui kwamba wewe ni mama yangu. Sikuwahi kumwambia mtu, na hilo nalo ni aibu yangu. Ningeweza kuandika neno moja. Nikairudisha simu kabatini, nikaenda kushona kola.

Na orodha ya Jumamosi imetoka. Jina lako lilikuwepo, wakalifuta, wakasema masomo si ya mapindo. Nilikuwepo hapo pia.

Nimetoka Kola. Nimetoka na kwenye kundi kubwa, nimeacha na uadmini. Wewe nawe toka mama, nitakutafutia kundi lingine lenye watu wastaarabu. Nisamehe.

Mwanao.


28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwezi na zaidi hujaandika. Nikipiga simu fundi viatu anapokea, anasema, "Mama yuko kazini," na nyuma yake nasikia cherehani. Mgongo vipi? Niandikie hata kunitukana. Kunitukana ningependa zaidi.

Mwanao.


11 Mei

Kwa mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Mgongo umekubali kwamba bosi ni mimi.

Nilikaa siku tisa bila kulifungua kundi. Aproni niliivua nikaitundika nyuma ya mlango, neno likitazama ubao. Si hao walioniumiza. Hao siwajui, na mtu usiyemjua akikutupia jiwe unasema ni mtoto wa jirani. Kilichoniuma ni ile simu kurudishwa kabatini. Hilo nimeliandika mara moja, sitaliandika tena.

Siku ya kumi fundi viatu akaniuliza, "Mama Cheo, leo hujavaa?" Nikamweleza maana yake. Akapiga msumari mmoja, akasema, "Basi mimi soli, maana nakanyagwa tangu asubuhi." Nikacheka mpaka nikakaa. Kisha nikaivaa.

Wewe umetoka. Nani alikutuma kutoka? Mtu akimwaga maji sebuleni hakimbilii nje, anatafuta tambara. Mimi sikutoka. Jumamosi zote ni zao, sawa, orodha nimeiona. Lakini nimesoma sheria za kundi kutoka juu mpaka chini, na hakuna palipoandikwa Ijumaa ni ya nani.

Kwa hiyo Ijumaa saa kumi, fundi viatu kiti chake, simu mkononi, mimi na aproni yangu kifuani wazi, nikafundisha. Nilisema, "Mimi ni Pindo, wengi mnanijua, niliwasalimia." Nikawaonyesha: mkono hauanzii kwapani. Bana begani, anzia begani, shuka upande mmoja, kata uzi, rudi begani, shuka upande wa pili. Ukizunguka moja kwa moja kutoka kwapani, kitambaa kinasukumwa na mkono unageuka kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Dakika kumi na nne, na salamu sikupunguza.

Nikahesabu mishono yangu nikingoja, nimetulia kabisa, muulize fundi viatu, usimuulize sana. Halafu mwanamke mmoja anayeshona mapazia akaandika, "Na mimi niliitwa Pindo mwaka juzi, sikuuliza tena swali. Asante kwa mkono." Akafuata mwingine. Kumbe kuna waliokaa humo miaka miwili hawajatia hata nukta. Siku nne nilizosalimia, mwanangu, hazikupotea. Walinikumbuka. Wakaanza kutuma mikono yao, mingine imepinda, tukairekebisha mmoja mmoja. Ijumaa ya pili walikuwa wengi kuliko Jumamosi. Sijisifu, nakuhesabia tu.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kukufikisha. Wiki iliyopita Overloki akatia picha. Gauni la mteja, la kesho yake asubuhi, mkono umegeuka. Alichukua picha yangu, hakuchukua njia yangu. Akaandika, "Jamani, nisaidieni." Hata wale saba, sita sasa, hakuna aliyejua. Na pembeni meseji zikaniangukia. "Mama usimjibu." "Mwache aonje." Mama Mapazia akasema tutoke tufungue kundi letu, tuliite Pindo, na yeye asiingizwe kamwe.

Sikufichi, nilitamani. Kidole kilikuwa hewani, na wazo lenyewe lilikuwa tamu. Kisha nikaona tunachokishona. Tulikuwa tunashona kola nyingine.

Nikamjibu hadharani: "Fumua, anzia begani." Akauliza la pili, nikajibu. La tatu, nikajibu. Saa mbili baadaye akatia picha, mkono umekaa. Akaandika, "Asante Mama," kisha akaniandikia pembeni peke yangu, maneno yake siyaweki hapa kwa sababu hukuandikiwa wewe. Mapindo wengine wamenuna. Watanuna, watazoea. Nimewaambia anayeuliza anajibiwa, hata akiuliza mara ya nne kwa nini sindano inavunjika. Nao wakaniuliza, na aliyetunga jina hili ni nani? Nikasema namjua, atakuja kusema mwenyewe.

Kwa hiyo utarudi. Utaomba uingizwe kama mtu yeyote, utasema wewe ni nani kwangu, na neno lile ulilitoa wapi. Nimeongea na Overloki, mlango atakufungulia.

Kifurushi hiki ni aproni yako. Kahawia, kipimo chako, nimeongeza kidogo kiunoni kwa matumaini ya ule wali. Kifuani nimetarizi neno lilelile. Chini sikuikunja. Nimeiacha nyuzi zinaning'inia, na pindo lake utalishona wewe, kwa mkono, si kwa mashine ya kiwanda. Ukimaliza uivae uje nayo. Ijumaa moja nataka nikae nyuma ya simu, wewe ukae mbele. Mkono huu mtu wa kuubeba nimeshampata, alikuwa ananikimbia tu.

Mama yako, Pindo.


25 Mei

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, aproni imenitosha.

Jana kwenye mapumziko niliomba, Overloki akanifungulia. Nimeandika yote uliyosema, na nikasema mimi ni mtoto wa nani. Sikuirudisha simu kabatini. Nilikaa nayo mkononi nikingoja jibu mpaka kengele ikalia, nikachelewa, na msimamizi akanikata malipo ya nusu saa.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mama Mapazia. Ameniuliza, "Na sindano inavunjika kwa nini?" Nimemjibu. Akauliza tena. Nimemjibu tena. Nadhani atafika mara ya nne.

Pindo nimelifumua mara mbili. Bado limepinda kidogo upande wa kushoto, usiangalie hapo. Ijumaa ijayo nina ruhusa. Mwambie fundi viatu anitunzie kile kiti.

Mwanao, Pindo.