Kahawa Niliyoyanywesha Maua

Mpendwa Mama Nohemí,

Nakuomba unijibu gazetini tu, usinisome redioni, kwa sababu bibi yangu hukusikiliza kila Alhamisi akikaanga kahawa, ingawa sasa hakaangi tena na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie, na mimi si msemaji, hata darasani mwalimu akiniita nilikuwa najibu nikiangalia dawati, kwa hiyo nikichanganya mambo unisamehe.

Nina miaka kumi na saba, nimemaliza shule Novemba, na ninaishi na bibi yangu Edelmira na mjomba Argemiro kwenye shamba dogo la kahawa, huku milimani Huila. Kitu ninachojua kufanya ni kukimbia. Kila mwaka sikukuu ya kijiji chetu huwa na mbio za kupanda kutoka uwanjani hadi kanisa dogo la juu, na mwaka jana nilikuwa wa tatu, na bibi alikuwa juu ananisubiri na chupa ya kahawa, akawa anawaambia watu wasiomjua, "Huyo mwembamba ni wangu."

Tangu nikiwa na miaka kumi na tatu bibi hunipa kikombe kabla sijatoka kukimbia. Husimama mlangoni amekishika kwa mikono miwili na kuniambia, "Kunywa kwanza, mlima hauondoki." Mwanzoni kilikuwa hicho kimoja, halafu nikaanza kujimiminia mwenyewe cha pili, halafu ulipokuja mwaka wa mitihani vikafika sita kwa siku, na pia unajua Mama kwamba huku kwetu kila nyumba unayoingia unapewa kikombe kabla hujaketi, na kukikataa ni kama kukataa salamu. Mikono ikaanza kunitetemeka. Nikilala moyo unarukaruka. Nilikwenda zahanati na muuguzi akaniuliza nakunywa vikombe vingapi, nikasema vitatu, yaani hata yeye nilimdanganya, naye akasema kwa moyo kama wangu hata vitatu ni vingi, nipunguze.

Mimi sikupunguza, niliacha vyote siku moja. Lakini sikuweza kumwambia bibi. Kila asubuhi nilipokea kikombe, nikasema "Asante, bibi," nikazunguka nyuma ya jiko nikakimwaga kwenye kopo la maua yake mekundu, nikarudisha kikombe kitupu, naye akakiangalia na kutabasamu. Nilifanya hivyo siku kumi na moja.

Na kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku hizo zote sikukimbia. Kichwa kiliuma kama nimefungwa kamba, miguu ilikuwa mizito, nikifika darajani nilikaa kwenye jiwe nikahesabu muda, halafu nikajirushia maji ya mto usoni na kifuani ili nikirudi nionekane nimetoka jasho. Bibi alinifuta kwa taulo lake. Alisema, "Leo umejituma, mama."

Jumamosi iliyopita alikuwa anamwagilia maua, akaona majani yamegeuka njano. Akainama, akachota udongo kwa vidole viwili, akaunusa. Akaniita.

"Hii ni kahawa yangu."

Nikaanza kuokota majani ya njano.

"Imekuwa mbaya kiasi hicho?"

Nilitaka kusema hapana, naapa Mama, neno lilifika kooni, lakini nikanyamaza tu nikiangalia miguu yangu. Akasubiri. Halafu akasema taratibu, kama anaongea na maua, "Mimi naionja naiona nzuri. Basi ulimi wangu umeshakufa." Akaenda jikoni, akakisugua kikaango cha kahawa kwa majivu, akakitundika nyuma ya mlango.

Jioni mjomba alikiona. "Mama, kikaango kinafanya nini huko?"

"Kimestaafu."

"Na sisi tutakunywa nini, machozi?"

"Kanunue ya pakiti, kama watu wa mjini."

Mjomba akacheka, akidhani ni utani, lakini bibi hakucheka. Kesho yake mjomba aliniita tukageuze buni zinazoanikwa, na tukiwa huko akaniambia kwa sauti ya chini, "Wewe kichaa, unajua ulikuwa unamwaga nini?" Nikasema kahawa. "Kahawa gani?" Nikasema hii yetu. Akaniambia siyo. Unajua Mama kwamba punje nzuri zote huenda chama cha ushirika zikauzwe nje, na sisi wakulima tunakunywa zinazobaki, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Kumbe kila wiki bibi alikuwa anachagua punje nzuri, moja moja, akiwa amevaa miwani yake ya kusomea misa, anazikaanga peke yake kwa ajili ya kikombe changu. "Mimi mwanawe wa kumzaa nakunywa takataka miaka arobaini na tisa," mjomba alisema. "Wewe ulikuwa unakunywa ile wanayokunywa Wajapani. Halafu ukawapa maua!"

Sasa mbio ni Jumapili ya wiki ijayo na bibi amesema hatapanda kanisani. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nije na nini, mikono mitupu?" Na amesema baada ya sikukuu kikaango atampa jirani, yeye bado ana ulimi.

Mama Nohemí, nifanye nini? Nikianza kunywa tena bibi atafurahi lakini moyo wangu naogopa. Nikimwambia ukweli atajua kwamba maji ya mto aliyafuta kwa taulo lake akidhani ni jasho. Na kuna kitu kinanitisha kuliko vyote, kwamba labda mkimbiaji hakuwa mimi, kilikuwa kikombe.

Ni mimi,
Wa Jiwe la Darajani

*

Binti wa darajani,

Nimekujibu gazetini kama ulivyotaka. Sasa keti vizuri, nina maneno matamu na machungu, na sitayatenganisha.

Umeandika kurasa tatu ukilia kwamba bibi yako anaamini ulimi wake umekufa, na wewe mwenyewe umenieleza bila kushtuka kwamba alichota udongo wenye maji, wenye mbolea, wenye mizizi, akaunusa, akajua si kahawa tu bali kahawa *yake*. Mwanangu! Huyo mwanamke ana pua ambayo chama cha ushirika kingeiajiri kesho. Mpelekee habari hiyo leo. Usisubiri kumaliza kusoma gazeti.

Kosa lako si kuacha kahawa. Moyo wako uliomba na ulifanya vyema kuusikia. Wala si kumwaga, maana katika bonde hili wanawake wengi tumewahi kumwaga kikombe cha mtu tunayemheshimu, mimi nilimwagia paka. Kosa lako ni kwamba bibi alikuuliza swali dogo, akakusubiri, nawe ukamwacha ajijibu mwenyewe. Kuona haya ni kuzuri kwa binti, lakini siku ile kulimnyang'anya mzee kazi yake. Hilo unalirekebisha wewe, si mjomba.

Najua sauti yako haitoki. Basi anza na mikono. Kitoe kikaango nyuma ya mlango ukiweke juu ya jiko mbele yake. Atakuuliza unafanya nini. Hapo utasema hivi, na ukipenda soma kwenye karatasi: "Bibi, kahawa yako ni nzuri kuliko zote. Nilikuwa nakunywa vikombe sita, moyo ukawa unaniruka, nikaogopa kukuambia." Kisha umwambie na ya maji ya mto. Yote. Atakasirika kwa muda wa kuchemsha sufuria moja. Mtu anayevaa miwani ya misa ili akuchagulie punje hawezi kukuacha kwa sababu ya taulo lililolowa.

Sasa mwili wako. Mtu aliyezoea vikombe sita akiacha vyote kwa siku moja, kichwa humuuma na miguu humgomea. Si uvivu huo, na huwa unapita. Kwa siku kumi na moja nadhani sehemu mbaya umeshaivuka. Ungepunguza kidogo kidogo usingeteseka hivyo, ila hayo yamekwisha, usirudi nyuma. Lakini kabla ya Jumapili hiyo nenda tena kwa muuguzi, na safari hii umwambie *sita*. Akisikiliza moyo wako akakuruhusu, panda mlima. Akikuzuia, utakwenda kanisani kwa jeep ukae pembeni ya bibi, na mlima, kama asemavyo yeye, hauondoki.

Kwenye nyumba za watu, ukiingia tu sema wewe, kabla kikombe hakijamiminwa: "Mama, mimi nipe maji ya moto ya sukari guru." Hujakataa salamu, umechagua. Hakuna mama wa Huila atakayenuna kwa kuombwa kitu kilichoko jikoni kwake.

Unaniuliza kama mkimbiaji alikuwa wewe au kikombe. Sijui. Wala wewe hujui, kwa sababu hujawahi kujaribu ukiwa umekitua na kichwa hakiumi. Kesho asubuhi usifikirie kanisa. Nenda mpaka darajani na jiwe ulipite. Hilo tu. Ukilipita kwa hatua hamsini, geuka urudi nyumbani, umeshinda siku. Keshokutwa ongeza kona moja. Hamu ya kukimbia mara nyingi humkuta mtu akiwa tayari njiani. Ukiingojea kwenye jiwe, hiyo hamu, utasubiri sana.

Na kikombe cha bibi usikifute. Kisogeze. Kiwe kimoja, kidogo, na kiwe baada ya kukimbia, mmekaa wote wawili, unakunywa polepole huku yeye anakutazama. Muuguzi akikataa hata hicho, muombe bibi akukaangie punje hizohizo kwa ajili ya kunusa, na anywe yeye. Miaka minne amekuchagulia zilizo nzuri na yeye anakunywa zilizotobolewa. Zamu imefika, binti yangu. Jumapili ile, awe anakusubiri juu au mmepanda pamoja kwa jeep, chukua chupa mkononi mwake, ummiminie wewe, umshikilie kikombe kwa mikono miwili, na umwambie anywe kwanza.

Yale maua yapeni maji matupu. Siku kumi na moja hayajapata usingizi.

Mama Nohemí