Mtoto Aliyefunikwa Wakati wa Palizi

Jumatatu, 5 Aprili 1971

Leo tumepalilia wimbi kwa Bosibori. Egesangio yetu, kikundi cha wanawake wa kilima hiki: leo shamba la huyu, siku nyingine la yule, mwenye shamba anapika. Bosibori amepika uji mwepesi kama maji ya kuoshea miguu. Nimekunywa. Nimemwambia pia.

Mwalimu wa ngumbaru amesema tena kwamba naandika herufi kubwa kama maboga. Taa yake ndiyo mbovu, ina moshi. Mimi sikuona mlango wa shule mpaka nikapata wajukuu. Kiswahili nilikiokota Kericho nikichuma majani chai. Asinisumbue.

Jambo moja limenikera. Mtoto wa Bosibori alilazwa pembeni mwa shamba, juu ya majani ya mgomba. Nikainama nimwone vizuri. Bosibori akaja mbio akamfunika uso kwa leso. Nani humfunika mtoto mbele ya bibi?

Jumanne, 6 Aprili

Nimeteremka mtoni. Wanawake walikuwa wanacheka. Nilipofika, kimya. Kerubo naye kimya. Kerubo ambaye tuliolewa naye mwaka mmoja hapa kilimani, ambaye mimi ndiye niliyemkatia kitovu mtoto wake wa kwanza. Ameinama anasugua mtungi uliokwisha kutakata.

Jioni nimeona mtu peke yake katika shamba la Bosibori, ameinama. Sura sikuiona, ukungu. Lakini ule mguu wa kuchechemea naujua. Kerubo. Kazi pale iliisha jana. Anatafuta nini katika shamba la mwenzake?

Sijapenda.

Jumatano, 7 Aprili

Mvua. Moraa, mke wa mwanangu, amekula akinipa mgongo. Mtoto amembana kifuani kama kitu cha kuibwa. Mwanangu yuko kazini Kericho, hakuna wa kumwuliza. Tangu siku ile aliyozaliwa, mjukuu wangu sijampakata tena. Nikisogea, Moraa anakumbuka kuni.

Alhamisi, 8 Aprili

Bosibori amepiga kelele kilima kizima kikasikia. Mtu amemng'olea wimbi! Si shamba lote, ni mistari fulani. Wimbi umetolewa na gugu limeachwa, gugu lile linalofanana nao kama pacha. Tena miche mingine imerudishwa ardhini, imelegea. Mtu amefanya ubaya kisha akafukia nyayo.

Mimi najua nani alikuwa shambani jioni. Sijasema. Namngoja.

Sabato, 10 Aprili

Kanisani nimekaa kwenye benchi peke yangu. Kulia hakuna mtu, kushoto hakuna mtu. Akina mama wote wameelekeza watoto wao ukutani. Tulipotoka Bosibori akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Watu wengine wana jicho. Wanainamia mtoto mpaka pua inamgusa, kesho yake ngozi inamtoka vipele."

Jicho! Eti nikimtazama mtoto, vitu vidogo kama punje vinamwingia ngozini, mpaka apakwe samli vitolewe. Mimi, ambaye nusu ya hao akina mama nimewapokea kwa mikono hii wakizaliwa. Mchungaji amesikia akajifanya anatafuta kofia yake.

Nyumbani nimenusa samli. Moraa anampaka mtoto. Ana vipele. Akasema bila kunitazama, "Mama, Jumatatu nakwenda kwetu Kenyenya na mtoto. Mpaka apone." Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Naandika wazi, nimelia. Akienda hivyo, hatarudi, au atarudi na mtoto anayeniogopa.

Neno hili limetoka kwa Kerubo. Nani mwingine? Ananiharibia jina ili wasiniamini nikisema nilichoona.

Jumapili, 11 Aprili

Wakatoliki wamekwenda Pasaka yao, sisi wa Sabato tumeingia shambani kwa Kerubo. Sikuitwa. Nimekwenda na kijembe changu. Wimbo ukakatika. Moraa alikuwa pale, mtoto mgongoni, amefunikwa.

Kerubo akaja akashika mstari kando yangu. Nikajua amekuja kunichunguza. Nikainuka, nikamwambia mbele ya wote, "Kerubo, sema leo. Wewe ndiye uliyeng'oa wimbi wa Bosibori. Nilikuona jioni. Na wewe ndiye uliyenitangaza nina jicho."

Bosibori akashika kiuno. Kerubo hakukasirika. Angekasirika ningefurahi. Aling'oa miche miwili, akaniwekea mkononi.

"Mong'ina, mama mzee, wimbi ni upi hapa?"

Nikatazama. Nikaisogeza mpaka puani. Ukungu. Nikasema, huu.

Mtu akaguna. Lilikuwa gugu.

"Anang'oa wimbi tangu palizi ya mwaka jana," Kerubo akawaambia. "Mimi narudi jioni najaza mapengo kwa miche ninayopunguza kwangu. Safari hii imenyauka, basi mkaona. Haoni huyu. Ndiyo maana anawainamia watoto wenu namna ile, anatafuta sura."

Nikamtukana. Nimemwita chura. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza waliponiita mwenye jicho.

"Ningesema huoni, wangekutoa kwenye kikundi. Wewe bila kikundi ungekufa kwa hasira. Nikanyamaza, kumbe wanakukimbia. Wewe ungechagua lipi, mong'ina?"

Nikaketi kwenye udongo. Bosibori akasema, "Kwa hiyo wimbi wangu umeliwa na macho." Mmoja akacheka, akacheka mwingine, nikawachukia wote.

Moraa hakucheka. Alisimama pale pale. Nilimwona kama kivuli tu, na huo ndio ukweli, kwa muda mrefu namwona hivyo.

Nimemwonea Kerubo. Kesho nitampelekea ndizi. Neno chura nitalifuta. Mengine yabaki, mguu wake kweli unachechemea.

Jumatatu, 12 Aprili

Mzigo wa Moraa umefungwa, uko mlangoni. Asubuhi uko. Mchana uko. Jioni ameufungua akatoa sufuria.

Kisha akaja jikoni, akamfungua mtoto mgongoni, akaniwekea mapajani. Hakusema samahani. Akaenda kuchota maji.

Nimempapasa pole pole. Masikio ya babu yake haya, makubwa, yamesimama. Vipele vipo bado shingoni. Ni joto la zile leso, mtoto anafunikwa kama mkungu wa kuivishwa! Nimezitupa.

Jumanne, 20 Aprili

Palizi tena. Mimi sipalilii. Wamenikalisha pembeni kwenye migomba na watoto wote. Nilisema sitaki kuwa yaya. Wakaniacha niseme, wakaendelea kuwapanga mmoja mmoja kando yangu.

Bosibori alimleta wake mwisho. Amempaka samli utosi hadi nyayo, mtoto anateleza kama kambare. Alidhani sitajua. "Bosibori, pua yangu ni nzima," nikamwambia. Akasema ni baridi tu, mama. Hakuna baridi.

Lakini amemwacha.

Wamelala. Mmoja ameshika kidole changu. Kule shambani Kerubo anaongoza wimbo, sauti yake mbaya kama zamani.

Jua lilipozunguka nikaona kitu cheupe kinawaka karibu yangu. Ni paji la uso la mtoto wa Bosibori, na ile samli yake. Nimemfunika kwa leso yangu, jua lisimchome.