Sipimi Mara Mbili

Kwa mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji, pamoja na wanangu ambao umewakataza kuniita baba mkubwa. Hamjambo huko? Mgongo wako vipi, bado unalala sakafuni? Mimi ni mzima, tena mzima kukuzidi. Macho yanaona, meno yapo yote isipokuwa manane, na geti la yadi bado nalisukuma kwa mkono mmoja wakati vijana wanalisukuma wawili. Dada yetu aliniambia ulisema nikifa usiletewe habari. Basi habari ni kwamba sijafa.

Najua ukiuona mwandiko huu mkono utakuwasha kuichana karatasi. Ichane, lakini soma kwanza. Nimeandika mwenyewe, leo siku ya nne, mimi niliyeishia darasa la tatu, na kila mstari unapanda mlima kama lori bovu. Dada alitaka kunitafutia mtu wa kuniandikia, nikamfukuza. Yaliyomo humu yasipite kwenye sikio la mtu kabla ya kufika kwako.

Kwanza nikueleze hali ya kazi. Tajiri wa zamani alishafariki, sasa yadi iko chini ya mwanawe, yule uliyekuwa ukimpakia mbele kwenye lori akipiga honi. Malori yameongezeka, kuna na mitambo ya barabara, tingatinga mbili na greda moja, na mlinzi wa mafuta ni mimi yule yule. Huyu kijana alitaka kufunga vyombo vya kupimia ndani ya matangi, eti vinamtumia habari kwenye simu. Nikamwambia wazi kwamba chombo kiko mbele yake, kimesimama kwa miguu miwili, na hakihitaji betri. Akacheka, akaniacha.

Tena nimeongeza ujanja. Kila mdomo wa tangi nimeutilia wavu wa chuma kwa ndani, kijiti changu cha kupimia kinapita, lakini mpira wa kunyonyea ukiingia shubiri moja unagota. Juu yake kufuli, juu ya kufuli sili ya waya yenye namba, ukiifungua inakatika, na namba naziweka kichwani, siyo kwenye daftari la kuibiwa. Mwaka jana dereva mmoja alikuja kazini amenenepa ghafla. Nikamuuliza amekula nini tangu jana. Akaapa kwa mama yake. Nikamgonga tumbo kwa kijiti, kikadunda kama kwenye tairi, nikamvua shati mbele ya wenzake: mpira wa mita tano umemzunguka kiunoni. Wakamcheka hadi getini. Wananiita Mzee Kijiti, na wakiniita hivyo wanarudi nyuma hatua moja.

Kijiti ni kile kile unachokijua, cha mti mgumu, nilichonga mwenyewe, mikato thelathini. Mtu mwingine hakishiki. Jioni kila gari likiingia linasimama kwenye zege pale getini, nazamisha, nasoma, nafunga, ndipo linakwenda kuegeshwa. Asubuhi nazunguka, nalipima pale pale lilipolala, kabla sijampa dereva ufunguo. Mkato ukipungua, kuna mwizi. Na nikishasema umepungua, nimesema. Sipimi mara mbili.

Hayo unayajua, maana ndivyo nilivyokukamata wewe, na sitazungukazunguka. Mikato miwili kila asubuhi, lori lako peke yake, wiki tatu mfululizo. Kufuli lilikuwa zima na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, nami nikasema umechongesha mwingine. Mchana lori lako lilikuwa likila mafuta kidogo kuliko malori yote, nami nikasema huo ndio ujanja wenyewe, unanyonya usiku halafu mchana unaendesha polepole ili kuficha. Watu walinisifu. Tajiri alinipa cheo siku ile ile, akasema mtu aliyemtoa ndugu yake mwenyewe hawezi kununuliwa na yeyote. Na ulipoondoka upotevu ulikoma kabisa, hata nusu mkato haukupungua tena. Nilitaka ushahidi gani zaidi? Baba aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamjibu kwamba kijiti hakina ndugu. Ndipo alipokutolea godoro lako nje.

Sasa sikiliza ya mwaka huu.

Greda inaendeshwa na mama mmoja mwenye ulimi kama kisu cha hiyo greda yenyewe. Mimi na yeye hatupatani tangu siku ya kwanza, maana nilisema mwanamke atazitoa wapi nguvu za kuendesha mtambo ule, naye akajibu kwamba mtambo unaendeshwa kwa akili, ndiyo maana mimi nimewekwa getini. Mwezi mmoja uliopita kijana wa tajiri aliuza vyuma chakavu vyote vilivyorundikana kwenye kona ya nyuma. Kona ikawa wazi, mama akaanza kuegesha greda yake hapo. Asubuhi ya kwanza, mikato miwili imepungua. Ya pili, miwili. Sili nzima, kufuli zima, wavu mzima. Sikufichi, nilifurahi. Nikamngoja mpaka siku ya saba, madereva na maopereta wote wamekusanyika wanasubiri funguo, nikamtangaza kuwa mwizi.

Hakulia. Aliniuliza kama nadhani anayanyonya mafuta kwa macho. Watu wakacheka. Nikamwambia wezi wote huanza kwa mzaha. Akasema amelea watoto watano kwa usukani huo, hawezi kutolewa kazini na mzee mwenye ukuni. Kijiti changu, ukuni! Nikamwambia afunge mdomo na afungashe vyake. Akanitaka nipime tena. Nikamjibu nilivyozoea kujibu. Basi akachukua ndoo ya maji, akanijia, nikajikinga uso nikidhani ananimwagia. Akaimwaga chini kando ya gurudumu, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia: Baba, hayo maji yanakwenda wapi?

Yalikimbia, mdogo wangu. Yalikimbia yote, yakaingia kwenye mfereji wa ukutani.

Kijana wa tajiri akaninyang'anya ufunguo, akampa mama, greda ikatoka kwenye kona ikasogea mpaka kwenye zege la getini. Akaniamuru nizamishe. Nikazamisha. Mikato miwili ilikuwa imerudi, na hakuna aliyeongeza tone, watu arobaini wanatazama. Kule kwenye kona mdomo wa tangi unakaa upande ulioinuka, mafuta yanaegemea upande wa pili, kijiti kinasoma pungufu. Ukilileta gari kwenye usawa, yanarudi. Mtoto anayechezea kikombe cha uji angenieleza. Mama akawatangazia wenzake kwamba mafuta yalikwenda matembezi na sasa yamerudi, tuyape pole ya safari. Mpaka leo nikipita wananiuliza kama yamelala salama.

Wao wanajua hayo tu. Lililobaki hawalijui, kwa sababu katika yadi ile hakuna aliyesalia wa zamani zetu isipokuwa kijana wa tajiri, naye alikuwa mtoto wa kupiga honi tu; miaka ishirini na miwili si mchezo. Hakuna anayekumbuka kona ile ilikuwa ya nini kabla ya kutupiwa vyuma. Mimi nakumbuka. Palikuwa pa kuoshea magari. Fundi aliinamisha sakafu makusudi, wiki tatu tu kabla sijakutangaza, ili maji machafu yaende mferejini. Na katika yadi nzima alikuwepo dereva mmoja tu aliyekuwa akiosha lori lake kila jioni na kuliacha pale pale likauke, hata wenzake wakamwita Bwana Sabuni. Alipofukuzwa hakuna aliyeosha tena. Pakatupwa vyuma, na ndiyo maana upotevu ulikoma.

Hukuiba. Hata tone.

Nimeliandika hilo nikalifuta mara nne, karatasi imetoboka, angalia mwenyewe. Ningeweza kunyamaza. Nilinyamaza wiki tatu, na ninavyojijua ningefika nalo kaburini bila taabu. Kukosea nimekosea, hata mashine hukosea. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa kukosea. Siku ile uliniomba. Hukutukana, hukupiga kelele. Ulisimama umeshika mlango wa lori, ukasema, kaka, ngoja nilisogeze pale kwenye zege, upime tena, basi. Ulikuwa unaomba hatua ishirini. Nami niliona watu wananitazama, nikajibu nilichojibu. Baba alikufa akiamini jibu langu.

Sikuombi radhi kwa karatasi. Sijui kuziandika, na wewe usingezipokea, una kichwa kigumu kama changu. Nafanya hivi. Nasikia una lori lako mwenyewe la kubebea mchanga, na kwamba linang'aa mpaka mchanga unaona haya. Lilete. Jumamosi, saa mbili asubuhi, wakati watu wote wanasubiri funguo. Nimemwambia mama wa greda kona hiyo aiache wazi kila Jumamosi. Akauliza kuna nini, nikamwambia hayamhusu, na bado hatupatani. Utalisimamisha pale pale ulipokuwa ukilisimamisha. Kijiti utakishika wewe. Utazamisha, utasoma kwa sauti. Halafu utalisogeza hizo hatua ishirini, utapima mara ya pili, na mimi nitakuwa nimevua kofia, niwaambie wote waliopo lori la zamani lilikuwa la nani na nani aliyemwita mwizi. Dada atakuwepo. Kijana wa tajiri atakuwepo, na aamue atakavyo juu ya kazi yangu. Kisha nitakwenda kwenye kaburi la baba nirudie maneno hayo hayo, uwe umekuja au hukuja.

Kama hutaki kunisalimia, usinisalimie. Pima tu, uondoke.

Msalimie shemeji, mwambie sijamsahau alivyonifungia mlango, na alifanya vizuri. Wasalimie wanangu, waniite watakavyo. Usilale sakafuni, mgongo hautibiwi na saruji. Mimi nipo getini, Jumamosi hii na nyingine zote, nimekishika kijiti mpaka uje ukichukue.

Ni mimi kaka yako,
Mzee Kijiti