Watu wa Chini ya Ndege

Kisumu,
Jumanne, 17 Juni 1997

Dada Seline mpendwa,

Nakusalimu wewe, shemeji Oduor na watoto wote hapo Luanda Kotieno. Natumaini kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa na samaki wanapatikana. Sisi tu wazima wa mwili. Mke wangu Benta amenikalisha mezani, akasema nisiinuke mpaka niimalize barua hii.

Unamkumbuka Kapteni Wanyonyi, aliyekuwa akirusha ile ndege ndogo ya dawa. Mwaka wa tisini na tatu ilikimbia mpaka mwisho wa lami bila kupaa, ikaingia kwenye mafunjo, naye akavunjika mguu. Aliwaambia wachunguzi kwamba kipimo cha mwendo kilisimama kwenye sifuri. Wakakipima, wakakikuta kizima. Wakaandika kwamba rubani alibabaika na sasa anatafuta kisingizio. Akanyang'anywa leseni. Mimi, niliyekuwa nikiihudumia ndege hiyo uwanjani, nilikuwa wa kwanza kumfikia, nikamtoa kwenye kiti huku mafuta yakivuja, nanyi mkanisimamisha kanisani kwetu Pap Onditi mkanipigia makofi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mkewe, Mama Waithira, alikuja uwanjani kuniita kwao Milimani. Nilimkuta Kapteni mbele ya kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege. Alinieleza kwamba mchezo huo una upepo, mawingu, hata taa za uwanja, lakini ndege inajikuta tu pale, tayari kuondoka. Hakuna wa kujaza mafuta, hakuna wa kupakia mizigo, hakuna wa kuondoa mbao zinazozuia magurudumu. Alisema rubani asiye na watu chini anacheza tu. Akaniomba nije kila Jumamosi alasiri nifanye kazi yangu pale sebuleni kama ninavyoifanya uwanjani.

Nilikubali, dada. Nilirekodi kwenye kaseti sauti ya pampu ya mafuta na ya injini zikiwashwa. Nilisimama kando ya meza nikimwelekeza kwa mikono, nikamwandikia karatasi ya lita za mafuta. Siku moja nilisahau kumwambia mlango wa mizigo umefungwa, akazima kila kitu tukaanza upya.

Baada ya wiki chache nikagundua jambo. Mizigo ilikuwa ileile kila mara, upepo uleule, mafuta yaleyale ya siku ya ajali. Mama Waithira aliniambia jikoni kwamba mzee anaandika kila jaribio kwenye daftari akitafuta alipokosea, na kwamba ameanza kuwaamini wachunguzi. Nikaiacha chai yake, nikaaga. Hata hivyo nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine.

Jumamosi iliyopita, kaseti ikinguruma, aliniuliza vilevile alivyoniuliza siku ile: "Ogola, vifuniko vyote vimetoka?"

Siku ile nilimwonyesha dole gumba. Safari hii mkono ulikataa. Akauliza tena.

"Kapteni," nikamwambia, "kimoja hakikutoka."

Dada, chini ya bawa kuna mrija mdogo unaompa rubani kipimo cha mwendo. Ndege ikiegeshwa tunauvika kifuniko, wadudu wasiingie; kisipotolewa, kipimo husimama kwenye sifuri na rubani hajui kama ana mwendo wa kutosha kupaa. Utepe wake mwekundu, unaotukumbusha kukitoa, ulikuwa umekatika wiki nzima, nami sikuubadilisha. Asubuhi ile sikukiona, na sikuangalia. Ndege ilipoingia kwenye mafunjo nikakumbuka. Ndiyo maana nilifika wa kwanza. Sikumkimbilia mtu. Nilikimbilia kifuniko, nikakichomoa, nikakitia mfukoni, ndipo nikaenda kwa Kapteni. Jioni nilikichoma.

Kapteni alizima kaseti. Akasema, "Miaka minne, Ogola. Nilishaanza kujiona mwongo." Akaniambia niende. Mama Waithira alinifungulia geti bila kunitazama.

Jumapili baada ya misa Kapteni alikuja kwetu na fimbo yake na karatasi. Alikataa kiti. Alisema hakuja kunisamehe, amekuja niandike. Nikaandika kurasa mbili, Benta akashuhudia. Kabla sijatia sahihi Kapteni aliniuliza kwa nini, baada ya kupata kifuniko changu, sikuondoka, mafuta yanavuja vile. Nilimwambia sijui. Akasema hilo nalo niliandike.

Ijumaa mimi na Kapteni tunakwenda pamoja kuipeleka karatasi hiyo kwa wakubwa wa usafiri wa ndege. Kazi nitapoteza, na huenda nikashtakiwa. Tafadhali usimwambie Mama bado. Nitakwenda Pap Onditi mwenyewe Jumamosi nimweleze kwa mdomo wangu, na waliopiga makofi pia.

Wasalimie jirani zako wote wanaoniulizia. Mwambie shemeji nimepokea omena alizotuma, zilikuwa safi. Ukiweza kuniandikia, niandikie, hata kama ni kunikaripia.

Ni mimi ndugu yako,
Opiyo Ogola